Mikono Yenye Mawese

Nilipofika Ujiji kwa ajili ya hitima ya Mama Zuhura sikuingia nyumbani moja kwa moja. Niliteremka kwanza hadi ziwani, nikavua viatu, nikasimama majini mpaka baridi ikanipanda magotini. Wanawake waliokuwa wakifua walinitazama, mama mzima mwenye begi mgongoni, amesimama tu kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Sikujali. Nina miaka arobaini na kitu, na kwa muda mrefu sasa najua kwamba kabla sijaingia kwenye nyumba yenye watu wengi, masufuria yanayogongana na wapishi wanaoitana kwa sauti, mwili wangu unataka upewe kitu cha kuutuliza, ama cha baridi ama kizito. Nikiupa, nitakaa na watu mpaka jioni, nitapakua pilau, nitacheka na kila mtu. Nikiunyima, haitachukua muda nitakuwa nimejifungia chooni, viganja masikioni. Haya sikufundishwa shuleni, ingawa nilikuja kusoma hadi kidato cha nne. Niliyapata hapa hapa Ujiji, katika mwaka mmoja niliokaa kwa huyo mama ambaye sasa tulikuwa tunakwenda kumwombea.

Tangu mwaka ule nimeishi Tabora, Mpanda, Sumbawanga, na kwa kipindi kifupi Bukoba, nikiuza vitenge. Watu huniuliza kwa nini situlii mahali pamoja. Huwajibu kwamba napenda safari, na ni kweli, ila mji nao ukianza kunipigia kelele kupita kiasi, nafunga mzigo. Kila nilikopanga nimetafuta chumba cha nyuma, chenye ukuta mnene na dirisha dogo la mbao, nikatandika kanga zilizofuliwa mpaka zikalainika kabisa. Wenye nyumba huona nachagua chumba kibaya kuliko vyote. Mimi huona nimerudi kwa Mama Zuhura.

Kwake nililala chumba cha namna hiyo na Zuhura, binti yake, tuliyelingana umri. Kuta zilikuwa za udongo, pana kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole, na sakafu ilinyunyizwa maji kila asubuhi kabla ya kufagiliwa, kwa hiyo ilikuwa na ubaridi wake na harufu yake ya mvua. Usiku wa kwanza nililala kama mtu aliyezimia. Nilikuwa nimetoka kambini, ambako tuliishi chini ya turubai. Jinsi nilivyovuka kutoka Burundi na akina nani tuliovuka nao, hayo sitayaeleza, nitaeleza turubai. Upepo ukivuma lilipiga, lapa lapa lapa, juu ya kichwa, mchana kutwa. Mvua ikinyesha hukumsikia aliyekaa kando yako. Mwanga uliopita ndani yake ulikuwa mkali, wa kuumiza macho. Siku za kugawa chakula tulisimama tumebanana, jasho la mwenzako mkononi mwako, pumzi yake shingoni, na nilipofika kwenye sufuria koo lilikuwa limeshafunga. Niliacha kula. Wenzangu walisema ni huzuni, na kweli huzuni ilikuwepo, ila hata siku nilizokuwa na furaha sikuweza kumeza. Mama Zuhura, aliyekuja soko la pale kununua muhogo, aliniona nimekaa pembeni nimefunika kichwa, mifupa imetokeza. Akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Spesiyoza. "Hilo jina refu kuliko wewe mwenyewe," alisema. "Tutakuita Spesi. Unaweza kubeba mzigo?" Nikasema naweza. Hivyo ndivyo nilivyofika Ujiji, nikiwa na miaka kumi na saba.

Ila miaka ile mkimbizi alitakiwa akae kambini. Aliyeonekana mjini bila kibali alipandishwa gari na kurudishwa, na majirani ndio waliojua nani ni mgeni na nani si mgeni. Mama Zuhura aliniambia waziwazi siku ya kwanza, tukila ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, iliyopikwa kwa mawese. "Kaa na watu vizuri. Salimia. Cheka nao. Mtu anayesalimia hakuna anayemuulizia alikotoka." Nilitikisa kichwa kukubali, na nikajua papo hapo kwamba ameniomba jambo lile lile nisiloliweza.

Ujiji watu husalimiana kwa mkono, na mkono ukishashikwa haurudishwi upesi. Mwanamke atakushika, atakuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za Zuhura, na muda wote huo mkono wako umo ndani ya wake, unapata joto. Akikuambia jambo la kuchekesha atauachia ili aupige, pa! kisha atauchukua tena. Wenzangu hawakuliona hilo kama kazi. Mimi nilihisi kila kidole, kila pete, kila tone la jasho, mpaka maneno yake yakawa hayanifikii. Jirani yetu Bi Tatu, muuza maandazi, alikuwa bingwa wa mikono hiyo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na habari yoyote ya mtaa lazima ilipita kibarazani kwake kabla ya kuendelea na safari yake. Mara ya kwanza aliponishika nilivumilia. Mara ya pili nilivuta mkono, na kabla sijajua ninalofanya nikawa nimeufuta kwenye kanga.

Mchana ule nilikuwa uani nachambua maharage nikasikia mazungumzo ya upande wa pili wa ukuta.

"Mama Zuhura, huyo mgeni wako ananiona mimi uchafu?"

"Mtoto wa watu ana haya tu, Bi Tatu."

"Haya ndiyo ya kujifuta? Mimi nimemsalimia, yeye kajipangusa kama kashika kinyesi cha kuku!"

"Atazoea."

"Azoee upesi, shoga yangu. Mimi nakwambia kwa kukupenda. Mtaani wameshaanza kuuliza, mbona hasemi na mtu, mbona anaziba masikio gari likipita. Mwenyekiti wa mtaa naye ana masikio. Mtu akiuliziwa sana, mwisho jibu hupatikana."

Maharage yalinidondoka. Niliyaokota moja moja, nikifikiria turubai.

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Aliamua kwamba tatizo langu ni haya, na haya alijua dawa yake. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi mtaa wa pili. "Tunakwenda sote," alisema. "Ukishacheza ngoma na wanawake wa Ujiji, hakuna kitakachokutisha tena." Zuhura aliniazima gauni lake la kung'aa, lenye nyuzi za fedha shingoni zilizokuwa zikinikwaruza kila nilipogeuka. Tulipoingia uani tarumbeta lilikuwa limeshaanza. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka ukutani, udi unafuka, manukato juu ya jasho, vigelegele vinatoka pande zote, na kila niliyepita mbele yake alinishika, akanivuta, akanizungusha. Nakumbuka mdomo wa Zuhura ukifunguka na kufungika nami sisikii neno. Kisha sikumbuki nilivyotoka.

Mama Zuhura alinikuta kwenye stoo ya chakula, alikokuwa ameambiwa akachukue iliki. Nilikuwa nimejipenyeza katikati ya magunia ya mchele, gunia huku na gunia huku, nimelaza shavu kwenye katani.

"We Spesi! Unafanya nini humo?"

"Napumzika, mama."

"Kati ya magunia?"

"Yananibana vizuri."

Alisimama pale na iliki yake mkononi. Nilitegemea anigombeze. Badala yake aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Kwa hiyo kubanwa unapenda. Unachokataa ni kushikwashikwa?"

Nikafikiri. Sikuwa nimewahi kuyatenganisha. "Ndiyo, mama. Kitu kizito kinanituliza. Kinachonishinda ni vingi vidogo vidogo kwa pamoja."

"Ajabu," alisema, kisha akaanza kucheka mpaka akaegemea mlango. "Mtu anapenda magunia kuliko watu! Basi kama unapenda kubanwa, Jumatatu twende Simbo ukasukume mti."

Mama Zuhura alikuwa muuza mawese. Chikichi zake alizinunua kijijini Simbo na kuzikamulia huko huko, kwenye uwanja wa familia moja yenye mashine. Mashine ni neno kubwa. Lilikuwa pipa la chuma lililosimikwa ardhini, lenye vyuma vya kupondea ndani, na juu yake mti mrefu uliolala kama mkono wa msalaba. Chikichi zilizochemshwa zilimwagwa ndani pamoja na maji ya moto, kisha watu wakaushika ule mti, wakauegemea kwa vifua na kuzunguka, kuzunguka, mpaka nyama ya chikichi ikaachana na kokwa na mafuta yakapanda juu, mekundu. Zuhura aliichukia kazi ile kuliko zote. Mimi niliegemeza kifua kwenye mti, nikasukuma, mti nao ukanisukuma, na nilihisi kitu kinakaa mahali pake ndani yangu, kama mlango uliokuwa ukigongagonga kwa upepo halafu mtu akaja akaufunga. Moshi ulikuwepo, watu walikuwepo, mtoto alikuwa analia, mbuzi naye. Vyote nilivisikia, na hakuna kilichoniumiza. Tulipopumzika niliomba ugali mara ya pili. Jioni, nyumbani, nilimwambia Zuhura anisuke, jambo nililokuwa nikilikwepa tangu nifike, na nikakaa kati ya magoti yake mpaka mstari wa mwisho.

"Leo umelogwa," Zuhura alisema.

"Leo nimesukuma," nilimjibu.

Tangu siku ile nilianza kujipanga. Sikungoja niambiwe. Kama Ijumaa tutakuwa na wageni, asubuhi nilichota maji mimi, ndoo kichwani, safari baada ya safari, mpaka shingo ikawa imara na mwili umetulia. Wageni wakiondoka, niliomba nikaoshe vyombo peke yangu ufukweni. Maharage nilipakuliwa kando, yasigusane na ugali, na baada ya wiki hakuna aliyeuliza tena. Kule Katonga, tulikokwenda kuanika dagaa wa jamaa yake Mama Zuhura, nilishindwa kabisa kuwageuza kwa mikono. Magamba yalinata kwenye ngozi nikahisi yanatembea. Zuhura akasema, "Wewe beba magunia, mimi nitageuza, na Simbo utazunguka zamu yangu." Tulifanya hivyo mwaka mzima na kila mmoja alidhani amempunja mwenzake. Leo nikisikia mtu anasema amezaliwa mdhaifu kwa sababu kelele zinamchosha au kitambaa kinamuwasha, humuuliza kwanza kinachomtuliza ni nini. Wengi hawajui. Wamejifunza kuvumilia tu, na uvumilivu ukiisha wanadhani wameshindwa wao.

Hata hivyo la salamu lilikuwa bado. Maji na mti vilinipa nguvu ya kukaa na watu, lakini havikunipa mkono. Bi Tatu alikuwa bado ananipita bila kunitazama, na kutonitazama kwake kulikuwa kunazungumza kibarazani.

Jibu lilitoka kule kule Simbo, na lilikuwa mbele ya macho yangu safari kadhaa kabla sijaliona. Pale kwenye pipa hakuna aliyempa mwenzake mkono. Wangepeanaje? Mikono yote ilikuwa na mawese mpaka viwiko. Vijana walisalimia kwa kugusanisha vifundo vya mikono. Lakini wanawake wa makamo, Waha wenye desturi zao, waliinama kidogo, wakakusanya viganja na kuvipiga, na kutamka, "Mwakeye." Mwenzake akapiga naye, akajibu. Salamu imekwisha, heshima imekamilika, hakuna aliyeguswa. Nilisimamisha mti kwa kushangaa mpaka mwenzangu akaniambia nisukume.

Tukiwa njiani kurudi, madumu kichwani, nilimuuliza Mama Zuhura. "Mama, na mjini nikisalimia vile, watanicheka?"

"Watakucheka sana."

Tukatembea. Alikuwa mbele yangu, simwoni uso, naona tu dumu lake lilivyotulia.

"Lakini watakuwa wanamcheka Muha," alisema.

Nilielewa. Kirundi changu na Kiha ni ndugu. Lafudhi yangu, iliyokuwa ikinifanya ninyamaze, ingeweza kabisa kuwa ya msichana aliyeshuka kutoka milimani huko juu. Kitu kile kile mwili wangu ulichokuwa unadai, umbali wa hatua moja na mikono iwe yangu mwenyewe, ndicho kingenificha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kibarazani kwa Bi Tatu, nikainama, nikapiga makofi. "Mwakeye, Bi Tatu. Shikamoo."

Andazi lilibaki hewani. "Marahaba! Eti nini? Rudia."

Nikarudia.

"Jamani njooni mtazame!" aliita. "Mama Zuhura, huyu umemtoa wapi?"

"Kwa shangazi zangu, huko juu," Mama Zuhura alijibu kutoka mlangoni, bila hata kugeuka. "Si nilikwambia atazoea?"

"Kumbe Muha wa porini! Na mimi nilidhani ana kiburi!" Walinicheka siku nzima. Watoto walinifuata wakipiga makofi. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa na jina, Muha wa Mama Zuhura, na kila asubuhi nilipita mtaani nikipiga makofi mlango hadi mlango, nasalimia kuliko msichana yeyote wa Ujiji, na hakuna hata mmoja aliyenishika. Nilikuwa na furaha ambayo ningependa kila mtu aipate mara moja maishani: kuwa katikati ya watu na mwili wako usiwe unapiga kelele.

Kisha walikuja. Ilikuwa asubuhi, mwenyekiti wa mtaa pamoja na wanaume wawili tusiowajua, wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza wageni. Mmoja aligonga mlango wetu wa bati kwa kiganja, na sauti ile ilinipita kichwani kama msumari. Nilikuwa nimetoka kutua ndoo ya mwisho. Kama wangenikuta kitandani, nina hakika ningekimbia, na kukimbia kungemaliza kila kitu. Lakini shingo ilikuwa bado inakumbuka uzito wa maji. Nilisimama.

"Huyu nani?" aliuliza mgeni mmoja.

"Mtoto wa ndugu yangu," alisema Mama Zuhura. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida.

Yule mwanaume akanyoosha mkono. Nilikiona kiganja kile, na saa iliyolegea juu yake, na nikajua kwamba nikikishika kwa namna yangu, kwa kushtuka na kuvuta, ataona mtu mwenye jambo la kuficha. Niliinama, nikapiga makofi. "Mwakeye, mzee."

Mkono wake ulibaki umening'inia. "Mbona hanipi mkono?"

Mwenyekiti alinitazama, akamtazama Mama Zuhura. Na hapo, juu ya ua wa makuti, kikatokea kichwa cha Bi Tatu.

"Mkono?" alisema. "Mimi niko naye tangu masika sijaonja huo mkono! Ndio Waha wa huko juu, baba. Wanatupigia makofi kama tumekuja kuomba kura. Mkimtaka mkono itabidi mwende mkampose."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, kisha wale wawili. "Haya, Muha," alisema yule mwenye saa, naye akapiga makofi, vibaya, mara moja. Wakapita nyumba ya pili. Mama Zuhura alikaa chini pale pale, kwenye mchanga. Mimi nilichukua ndoo nikaenda kuchota tena, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiria ziwani siku ya hitima. Nilipoingia uani, Zuhura alikuja moja kwa moja. Amenenepa, ana wajukuu sasa. Alisimama hatua moja mbele yangu, macho mekundu.

"Umepita ziwani?"

"Nimepita."

"Basi shika hili," alisema, na akanitwika mikononi sufuria zima la mchele uliorowekwa. Nilimpenda tena kama siku zile za Katonga.

Bi Tatu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba chetu cha zamani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na ule unene wote umekwenda. Nilitua sufuria, nikainama mbele yake na kupiga makofi. Sikutaja jina.

"Spesi," alisema.

"Bi Tatu, umenijuaje?"

"Nani mwingine anapiga hivyo? Miaka yote hii, na mpaka leo unakosea."

"Nakosea nini?"

"Upesi mno, na viganja umevinyoosha kama unaua mbu. Waha wanakunja viganja, na wanapiga polepole. Mama yangu mzazi alikuwa Muha, nimekua nikisikia kila asubuhi. Siku ile ya kwanza pale kibarazani nilijua hujashuka mlima wowote wa huku."

Nilikaa chini. "Na siku ile mwenyekiti…"

"Mwenyekiti naye kwao Uha. Alijua kama nilivyojua mimi. Mtaa mzima ulijua, mwanangu."

"Na hamkusema kitu?"

"Tuseme nini?" Aliniuliza kwa hasira kidogo, hasira ile ile ya siku zake za kuuza maandazi. "Msichana kahangaika kapata namna ya kutusalimia, halafu tumnyang'anye?"

Uani wapishi walikuwa wanagongana na mtu alikuwa anaita chumvi. Bi Tatu aliinua mikono yake kutoka mapajani, akakunja viganja mpaka vikawa kama vibakuli viwili, na kuvipiga, taratibu, sauti nzito ya chini. Alingoja. Nilikunja vyangu, nikapiga.

"Bado upesi," alisema. "Tena."